Sahani Isiyopita Mkononi

Siku tuliyomzika Baba, mchungaji alisimama kando ya jeneza, akaweka kiganja karibu na ile kofia ya kahawia tuliyoilaza juu yake, akasema marehemu alikuwa mtu wa neno moja, kwamba maishani mwake hakuwahi kuyameza mate aliyoyatema. Watu wa Ruring'u waliitikia kwa sauti, maana walimjua. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na mzee wa kanisa kwa miaka mingi zaidi. Kuna mwaka sukari ilipanda bei akaapa hatatia sukari kwenye chai yake mpaka bei irudi ilipokuwa. Bei haikurudi, naye amekufa akinywa chai isiyo na kitu. Mimi nilikuwa safu ya mbele, mume wangu kulia, kaka yangu Gathogo kushoto. Niliinamisha macho. Nilijua neno moja ambalo Baba alilimeza, na mtu mwingine pekee aliyelijua alikuwa pale kushoto kwangu, anakunja na kukunjua karatasi ya ratiba ya mazishi. Hatujawahi kulizungumza. Sasa wiki tatu zimepita, viti vya kukodi vimerudishwa, na mimi nimeketi kwenye meza ya chumba cha kulia cha nyumba ya Baba, nauandika mwaka alioapa neno lile kabla sijaanza kuupamba. Najijua. Nikichelewa nitaupamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Niliuza dawa katika duka moja mjini Nyeri, nililala bado katika chumba changu cha utotoni, na nilikuwa nimechumbiwa na Murimi, mkulima wa chai wa Kianyaga, mtu ambaye hata akikasirika anaongea kama anayeuliza njia. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupenda tu. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, msichana wa kwanza jina la nyanya. Kwa hiyo mimi Muthoni nilikuwa mama yake Baba, na Gathogo alikuwa baba yake, wala si mchezo wa maneno. Baba aliniita "Mama" tangu nilipoanza kutambaa, na Gathogo naye akaitwa "Baba". Wageni walidhani nyumba nzima imechanganyikiwa wakimsikia mzee mwenye mvi akimwambia kijana wa kaptura, "Baba, hebu niletee viatu." Sisi tulizoea. Nilipokuwa mdogo nilimwonea Gathogo wivu, kwa sababu Baba alipomwita hivyo sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayeingia chumba cha mkubwa. Kisha Januari ya mwaka ule akaacha kumwita hivyo.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Gathogo alikuja kutoka Nanyuki na sanduku la barafu begani, akaniomba nimwachie jiko. Kwa miaka miwili sote tuliamini yuko chuo kikuu anasomea uinjinia. Kanisani walikuwa wakimwombea kwa cheo kabisa, injinia wetu. Alipika samaki, trauti wa mito ya mlimani, akampakulia Baba kwa mkono wake, akaweka sahani mbele yake, ndipo akasema aliacha chuo zamani na sasa ni mpishi katika hoteli ya chakula cha Kijapani. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika kifuniko cha sufuria. Sikuona nyuso zao. Niliona tu, kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, ncha ya kitambaa cha meza na nailoni iliyokifunika, na kiatu cha Baba ambacho hakikusogea.

"Wewe unapika," Baba alisema.

"Ee, Dad. Napika."

"Watu wakuje wakule."

"Ee."

"Na mimi nimeambia watu unajenga daraja."

"Dad, mimi hiyo kazi naipenda. Sikutaka kukudanganya, nilikuwa naogopa."

Nilisikia sahani ikisukumwa juu ya ile nailoni. Baba hakupandisha sauti. Mwalimu wa zamani hana haja ya kupiga kelele. Alisema, "Basi sikiza. Mimi sitakula kutoka kwa mkono yako mpaka siku nitaingia kaburi." Kisha akainuka akaenda chumbani, na Gathogo akakaa peke yake mezani mpaka samaki akapoa. Kuanzia jioni ile kaka yangu akawa "huyo". Huyo amepiga simu? Huyo aliacha koti lake hapa. Nilitamani Baba angempiga kofi tu yaishe. Mtu anayekataa chakula cha mkono wako amekukataa wewe mwenyewe, na hapa mzee alikuwa amemkataa mtu aliyebeba jina la baba yake mzazi. Nilimkasirikia sana mwaka ule, na sioni sababu ya kuficha hilo eti kwa kuwa sasa amelala.

Shida yangu ikaja mwezi wa Julai. Ngurario yetu, siku ambayo mbuzi hukatwa mbele ya koo mbili na bila hiyo kwetu hujaolewa hata ukiwa na pete kumi, ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba Kianyaga. Mara ya pili ingekuwa matusi. Nilimwambia Baba nataka Gathogo awepo. Alikuwa anasoma gazeti, alilikunja vizuri, akasema, "Mama, siku huyo ataingia na gate ya mbele, mimi nitatoka na ya nyuma." Nami nikamwambia Murimi kwamba bila kaka yangu sikatiwi mbuzi, na bila baba yangu pia sikatiwi mbuzi. Murimi akasema kwenye simu kwa upole wake, "Wewe ndio unajua wazee wako." Zilibaki wiki mbili. Nilikonda. Dukani nilimpa mama mmoja dawa ya minyoo badala ya ya kikohozi, nikamkimbilia hadi stendi kuirudisha.

Aliyepanga mambo ni Tata Wambui, dada yake Baba, mwanamke mpana mwenye fimbo na goti bovu, ambaye hakumwogopa mtu yeyote kwa sababu, alivyosema, alimbadilisha nepi huyo mwalimu mkuu. "Ukimwambia ukweli atakataa," aliniambia tukichambua mboga. "Usimwambie kitu. Mwambie anahitaji kofia." Ni kweli alihitaji. Basi Jumamosi moja niliazima gari la Murimi, nikawapakia wote wawili, tukaenda Nanyuki kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu karibu na msikiti aliyeuza kofia nzuri za wanaume. Baba alijaribu saba, akarudi kwenye ya kwanza, ya kahawia. Alitoka pale ameinyoosha shingo, mwenye furaha, na mimi nilikosa gia mara mbili. Tata akasema ana njaa. Mimi nikasema kuna mahali.

Mahali penyewe palikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa yanayoutazama mlima. Katikati kulikuwa na kaunta iliyozunguka jiko kama boma linavyozunguka zizi, na juu ya kaunta mkanda mwembamba uliotembea polepole bila kusimama, umebeba visahani vya rangi, kila kimoja na kifuniko chake cha plastiki. Sushi ndiyo iliyokuwa ikipita: wali uliofinyangwa vidonge vidogo, juu yake samaki, parachichi, mayai. Mtu huketi na kuchukua anachotaka kikimpitia. Baba aliushika ukingo wa mkanda kwa kidole. "Hii ni kama ya kiwanda ya chai," alisema, na hakukosea, maana niliambiwa baadaye aliyeutengeneza alikuwa fundi wa viwanda vya chai. Tuliketi. Tata alimtanguliza Baba pembeni kabisa, pale kaunta ilipogusa ukuta, kisha akajishusha kando yake akamfungia njia. Mimi nikakaa mwisho. Ndipo mpishi aliyekuwa ametupa mgongo akageuka, na alikuwa Gathogo, amevaa kitambaa cheupe kichwani.

Baba alianza kuinuka. Tata hakusogea. "Kaa chini, Mwalimu," alisema, akiwa anatafuta kwa macho jagi la maji ya kunawa. "Goti inaniuma, siwezi simama saa hii." Baba akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote, na nimezaa watoto wawili. Alivua kofia mpya, akaiweka magotini, akafumba macho, akaanza kuomba kwa ajili ya chakula, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila alipoketi mezani na hasira haikuwa sababu ya kuacha. Aliomba kwa urefu ambao sijausikia hata Krismasi. Aliombea wasafiri, yatima, viongozi, mvua. Nilifumbua jicho moja nikamwona Tata naye amefumbua lake, anaifuata sahani ya mayai ikipita, ikizunguka, ikirudi, ikipita tena. Gathogo alisimama na kisu mkononi, ameinamisha kichwa, hawezi kukata samaki wakati wa maombi.

Tukasema amina, na hakuna aliyekula. Wageni wa upande wa pili wa kaunta, wazungu na vijana wawili walionyoa kama wanajeshi, walikuwa wakichukua visahani bila kufikiri. Sisi tuliketi tukivitazama vikipita. Nyumbani kwetu hakuna anayegusa chakula kabla mzee hajagusa, na mzee hagusi mpaka apakuliwe. Kila siku nilimpakulia mimi. Lakini pale niliogopa: nikimwekea chakula cha Gathogo kwa mkono wangu, Baba angesema nimemtega mara ya pili kwa siku moja, na hapo ndipo angemrukia Tata atoke. Kwa hiyo mikono yangu ikabaki mapajani. Ya Tata pia, ingawa aliteseka. Sahani ya mayai ikapita mara ya tano. Nilihesabu. Nilifikiri: ndivyo nitakavyokosa kuolewa, hivi hivi, kwa kukaa kimya mbele ya wali.

"Mama," Baba alisema mwishowe, akiutazama mkanda. "Muulize huyo nani analeta hii chakula."

Gathogo alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilijibu mwenyewe. "Ni mashine, Baba. Inazunguka tu."

"Hakuna mtu anapatia mwingine?"

"Hakuna. Inawekwa pale nyuma, halafu inajiendea. Kila mtu anajichukulia."

"Anajichukulia."

"Ee."

Alifikiri. Nilimjua alivyofikiri, ndivyo alivyokuwa akipima jibu la mtihani ambalo si sawa kabisa lakini pia huwezi kulitia alama ya kosa. Sahani ya mayai ilipofika mara ya sita, alinyoosha mkono, akaichukua, akaondoa kifuniko, akakiweka chini taratibu. Alikula kwa vidole. Alitafuna muda mrefu. Tata alishusha pumzi ndefu, akanyakua sahani mbili kwa mpigo.

"Mchele ni ya Mwea," Baba alisema, akiuambia ukuta.

"Ni ya Kutus, Dad," Gathogo alijibu bila kugeuka. "Naenda kuichagua mwenyewe."

"Sikukuuliza."

Lakini alichukua sahani ya pili, ya parachichi. Hapo ndipo kaka yangu alipofanya kosa. Nadhani furaha ilimpanda kichwani. Alikata trauti, vipande vinne vyembamba vya rangi ya waridi, akavipanga juu ya wali, akaifunika sahani, akatoka jikoni kwa kile kimlango cha kaunta, akaja mpaka nyuma yetu na kumnyooshea Baba sahani kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu. "Dad, hii nimekutengenezea." Samaki yule yule wa Januari. Baba hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu ya kofia na ilibaki pale. Wale vijana walionyoa waliacha kuongea. Gathogo alikuwa bado ameinyoosha sahani, na mimi nikajua kwamba akiipeleka mbele inchi moja zaidi, au akilia, mambo yamekwisha, na sitakatiwa mbuzi, na hawa wawili hawataonana tena mpaka mmoja wao awekwe kwenye sanduku.

Baba aliinua kidevu, akauelekeza mkanda. "Kila kitu hapa iko na njia yake," alisema.

Gathogo alielewa kabla yangu. Alirudi ndani, akaiweka sahani kwenye mkanda. Tatizo ni kwamba mkanda ulienda upande mmoja tu, na pale alipoiweka ilikuwa imeshatupita. Ilibidi izunguke chumba kizima ndiyo itufikie. Tuliitazama. Ilipita wazungu, wakaiacha. Ilipita dirishani, mlima nyuma yake umefunikwa na mawingu. Ilifika kwa wale vijana, na mmoja akanyoosha mkono, vidole vikagusa kifuniko. Tata Wambui aliinua fimbo yake juu ya kaunta, akaielekeza kwake bila kusimama, mdomo umejaa wali. "Hiyo iko na mwenyewe," alisema. Kijana akautoa mkono kama aliyeungua. Sahani ikaendelea, ikapiga kona, ikaja. Baba aliisubiri mpaka ilipokuwa sawa kabisa mbele ya kifua chake, ndipo akaichukua.

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa. Watu wa rika la Baba hawakula samaki hata aliyekaangwa. Walimwona kama binamu wa nyoka. Mito imejaa trauti tangu enzi za wakoloni na wazee waliwaachia wakoloni hao hao. Baba aliweka kipande kinywani, akakitafuna, macho yakamtoka kidogo.

"Hii haijaiva," alisema.

"Haiivangi, Dad."

"Haiivangi?"

"Inaliwa hivyo."

Baba alikitazama kipande cha pili kwa muda. Kisha akakila, na cha tatu, na cha nne, na alipomaliza alirudisha kifuniko juu ya sahani tupu, akavaa kofia. Tukirudi, tulipopita Kiganjo, alisema kutoka kiti cha nyuma, "Hiyo siku kutakuwa na meza?" Nikasema itakuwepo. "Huyo aweke kwa meza. Halafu aende kando." Tata alianza kucheka kimyakimya mpaka kiti kikatikisika. Mimi nilisimamisha gari pembeni mwa barabara, nikawaambia napunga hewa, nikalia nyuma ya buti.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya ngurario Gathogo alikata nyama, akaweka sinia mezani, akarudi hatua tatu, na Baba akasogea akajichukulia. Watu wa Kianyaga walidhani ni mila yetu, mpaka leo nadhani wanaamini hivyo. Na ikawa mila kweli. Krismasi zote, ubatizo wa watoto wangu wote wawili, Gathogo alipika, akaweka, akaenda kando. Waliongea, tena vizuri, kuhusu siasa na bei ya kahawa. Lakini mkono kwa mkono, kamwe, hata kikombe cha maji. Na jina halikurudi. Alipandishwa cheo kutoka "huyo" hadi "Gathogo", basi. Niliridhika na hilo kwa miaka mingi, nikijivunia kile nilichokifanya Nanyuki. Siku hizi najiuliza kama sikuwafundisha tu njia ya kuishi bila kupatana.

Mwaka huu mwanzoni Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, wa kushoto ukawa unatetemeka asiweze kushika kijiko. Gathogo, ambaye sasa ana jiko lake mwenyewe, aliacha kila kitu akaja Ruring'u. Alipika uji wa mchele wa Kutus, laini, na supu ya samaki aliyochuja mara mbili. Alinikabidhi bakuli mlangoni mwa chumba cha kulala, mimi nikalipeleka kitandani, nikamlisha Baba, nikarudisha bakuli mlangoni. Mara tatu kwa siku. Nilikuwa nimegeuka ule mkanda. Siku ya tisa asubuhi nilikuwa na beseni la mashuka ya kufua, mgongo unaniuma, na Gathogo akaja na bakuli lake akininyooshea. Kitu kikanikatikia ndani.

"Leo mimi siwezi," nilisema. "Niko na nguo."

"Muthoni, itapoa."

"Basi ipoe."

Nilitoka. Nilifika ukumbini, nikasimama nisikilize. Nilimsikia akiweka bakuli juu ya kimeza cha kando ya kitanda, na hatua tatu akirudi nyuma, kama kawaida. Kutoka pale kitandani Baba asingeweza kulifikia, na sote watatu tulijua. Nilingoja mpaka nikataka kurudi ndani na kuomba msamaha. Kisha kiti kikavutwa. Kijiko kikagusa bakuli. Baba alikohoa, akameza, akapumzika, na ile sauti yake nzito ya ugonjwa, iliyokuwa ikitafuta kila neno, ikashuka kidogo, kama zamani.

"Polepole, Baba," alisema.

Nilisimama na beseni langu mpaka nikasikia kijiko kikikwangua chini ya bakuli, ndipo nikaenda kufua.